Kabla mahindi hayajaipisha stevia

CHUKULIA familia moja ya Kwamsisi, wilayani Handeni: baba, mama, watoto wanne na bibi mzaa baba. Wana ekari tatu. Mbili ni za mahindi na kunde, moja ina michungwa iliyozeeka. Kijana wao mkubwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano mwezi wa saba. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, lakini barua ya shule bado imejaa: godoro, shuka, ndoo, sare, daftari, nauli.

Jioni moja baba anapokea video kwenye kundi la WhatsApp. Kijana nadhifu amesimama katikati ya shamba la kijani. Anachuma jani, analitafuna, anatabasamu. Anasema jani hilo linaitwa stevia, ni tamu kuliko sukari mara mia tatu, linavunwa mara nne kwa mwaka na ekari moja inaingiza mamilioni. Mwisho wa video kuna namba ya simu ya kuagizia miche.

"Mama watoto, njoo uone hii," baba anaita. "Ekari moja ya mahindi tukiibadilisha, shida ya shule imekwisha."

Mama anaitazama video mpaka mwisho, anairudia, kisha anauliza: "Huyu anauza majani au anauza miche?"

Baba anacheka. Hata hivyo, mzazi yeyote anayefikiria kupanda stevia afanye vizuri kulala na swali hilo kabla hajachukua jembe. Maana mmea wenyewe si wa uongo. Utamu upo, na soko lipo duniani. Kinacholeta maumivu ni umbali uliopo kati ya jani la Kwamsisi na soko hilo.

Stevia asili yake ni Paraguay, Amerika Kusini. Wenyeji wa huko, Waguarani, walitumia majani yake kutia utamu kwenye vinywaji vyao kwa karne nyingi. Mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni aliuandika mmea huo kitaalamu mwaka 1899. Mwaka 1931 wanakemia wa Ufaransa walifanikiwa kutenga ile chembechembe inayoleta utamu. Wajapani walianza kuitumia viwandani katika miaka ya 1970. Marekani iliruhusu unga wake uliosafishwa mwaka 2008, na Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Tangu hapo kampuni za soda na vyakula zimekuwa zikiutafuta. Mkulima mkubwa kuliko wote wa majani hayo ni China.

Hapa Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni Kericho, nchini Kenya, kwenye vilima vya chai. Kampuni ya PureCircle, yenye mizizi yake Malaysia, ilianzisha kilimo cha stevia huko ikishirikiana na wakulima wadogo. Kericho wakulima walipanda wakijua kuna kampuni iliyokuja kutafuta majani makavu. Soko lilitangulia, jembe likafuata. Kwenye video ya baba, jembe ndilo limetangulia, na soko limeachwa liwe jambo la baadaye.

Tofauti nyingine ni hali ya hewa. Kericho iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya karibu mwaka mzima. Kwamsisi iko chini, upande wa Handeni unaoelekea Pangani na Saadani, kwenye joto, na mvua ni za misimu miwili: masika na vuli. Stevia ina mizizi mifupi. Haivumilii maji yaliyotuama, wala haivumilii udongo uliokauka wiki mbili. Mzazi wa Handeni anajua maana ya kiangazi; ndoo ya maji wilayani humo ina historia yake. Anayetaka kupanda kibiashara ajiulize kwanza maji ya kumwagilia Januari, Februari na Agosti yatatoka wapi, na nani atayabeba.

Lipo pia jambo ambalo video nyingi hazilisemi. Stevia huamua kutoa maua kwa kuangalia urefu wa mchana. Mchana ukiwa mfupi kuliko saa kumi na tatu hivi, mmea unakimbilia maua. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo stevia ya Tanga hutaka kutoa maua mapema, ikiwa bado fupi na majani hayajawa mengi. Na utamu wa jani huwa juu zaidi kabla tu maua hayajafunguka; yakishafunguka, unashuka. Mkulima analazimika kukagua shamba kila siku na kukata mara vichipukizi vya maua vinapoonekana, akiacha kisiki cha sentimita tano hadi kumi ili kichipue tena. Akichelewa wiki moja kwa sababu ya msiba au safari ya mnadani, ubora umeondoka.

Hesabu ya miche

Turudi kwa swali la mama. Stevia hupandwa kwa kubanana: kwa mfano sentimita 30 kutoka mche hadi mche na 45 kati ya mistari. Kwa nafasi hiyo, ekari moja inameza karibu miche 30,000. Hata mche mmoja ukiuzwa shilingi 100 tu, ekari ni shilingi milioni tatu, kabla ya kulima, samadi, palizi na maji.

Shamba linalotunzwa vizuri hutoa takriban tani moja hadi tatu za majani makavu kwa hekta kwa mwaka. Kwa ekari hiyo ni kama kilo 400 hadi 1,200. Anayeanza, tena anayetegemea mvua, ajihesabu upande wa chini. Akipata kilo 400 mwaka wa kwanza, basi kila kilo imebeba shilingi 7,500 za miche peke yake. Ni kweli mmea hudumu shambani miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo gharama hiyo hugawanyika. Lakini hugawanyika kwa yule tu ambaye mnunuzi wake naye atadumu miaka hiyo.

Kwa muuza miche hesabu ni tofauti. Yeye amemaliza biashara siku ile pikipiki iliposhusha maboksi. Wazazi wenye umri wa kati wanakumbuka uvumi wa kware uliopita Kenya na Tanzania karibu mwaka 2014. Waliowahi kuuza vifaranga na mayai mapema walipata. Waliochelewa walibaki na mabanda.

Si kwamba kila muuza miche ni tapeli. Wapo waaminifu, na kwa kweli mbegu za stevia ni shida: nyingi ni tupu, huota kwa kusuasua, na mimea inayotokana na mbegu hutofautiana utamu. Ndiyo maana vipandikizi vya shina ndivyo vinavyoaminika. Lakini hapo hapo ndipo panapompa mzazi mwanya wa kuokoa fedha. Mche mmoja mzuri hutoa vipandikizi vingi. Unakata kipande cha shina cha urefu wa kidole kirefu, chenye vifundo vitatu au vinne na kisicho na maua, unapunguza majani ya chini, unakichomeka kwenye kitalu chenye mchanga, chini ya kivuli, na kukinyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu au nne kina mizizi. Mwenye miche 20 na subira ya mwaka mmoja hana sababu ya kununua 30,000.

Siku mbili baada ya panga

Kinachowashinda wengi ni kukausha. Jani bichi la stevia lina maji mengi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Kwa hiyo zile kilo 400 ni karibu tani mbili za majani mabichi. Mavuno yakigawanywa mara nne, kila safari ni kilo 500 za kukata, kubeba, kupukuchua kutoka kwenye mashina na kutandaza, zote ndani ya siku moja au mbili. Yakirundikwa yanapata moto na kuwa meusi. Yakitandazwa chini yanaokota mchanga na kinyesi cha kuku. Yakinyeshewa yameharibika. Mnunuzi wa maana hutaka jani la kijani, kavu kiasi cha kuvunjika mkononi, lisilo na vijiti.

Kichanja cha miti chenye wavu, kilichoezekwa kwa nailoni angavu, kinaweza kufanya kazi hiyo. Lakini lazima kiwepo kabla ya kukata. Na masika, mavuno yanapokuwa mengi zaidi, ndipo jua linapokuwa haba.

Wazee wa Korogwe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wameishi na mkonge. Mkonge nao ulikuja ukiwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hapo yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini mkonge haukuwahi kuwa biashara ya jani. Ulikuwa biashara ya korona. Jani likishakatwa lilitakiwa kufika mashineni haraka, na palipokosekana korona, jani lilikuwa takataka. Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na miji midogo iliyoishi kwa king'ora cha kiwanda ikanyamaza.

Stevia inafanana na mkonge kwa mambo yote mawili. Jani peke yake halifiki mbali. Kinachoruhusiwa kuwa kiongeza utamu kwenye masoko makubwa ni unga uliosafishwa kiwandani. Marekani, kwa mfano, haikubali majani makavu yauzwe kama kiongeza utamu. Anayedhani atajaza majani kwenye vifuko na kusafirisha nje anajidanganya. Na kamba ya nailoni ya stevia nayo imeshazaliwa: tangu mwaka 2019 kiwanda cha kampuni za Cargill na DSM katika jimbo la Nebraska, Marekani, kinatengeneza utamu ule ule kwa kutumia hamira, bila jani hata moja. Bado majani yananunuliwa duniani, na wakulima bado wanalima. Ila mzazi anayepanda mmea wa miaka mitano kwa matumaini ya ada ana haki ya kujua hilo leo.

Nyumbani kwa wale wa Kwamsisi, mazungumzo yameendelea siku ya pili. Bibi, ambaye jana alikaa kimya, ameuliza jambo lake. "Hayo majani tukikosa wa kumuuzia, tutakula?"

Mahindi yakikosa bei hupikwa ugali. Kunde huliwa. Hata machungwa yasiyo na soko watoto hula. Gunia la stevia lisilo na mnunuzi ni gunia la majani. Ekari moja kati ya mbili za chakula ni nusu ya ugali wa mwaka, na mwenye kujua unga utaisha lini si anayeangalia video, ni anayepima kwa kisonzo. Ndiyo maana uamuzi wa namna hii si wa baba peke yake, hata kama shamba ni la ukoo wake.

Kuna na mikono. Stevia haishindani na magugu. Mche mdogo ukizidiwa miezi miwili ya kwanza umekwisha, na dawa za magugu hazitakiwi na wanunuzi wengi. Palizi ni ya mkono. Kupukuchua ni kwa mkono. Kwa kaya nyingi mikono hiyo ni ya mama na watoto. Mavuno hayasubiri Jumamosi. Shamba lililopandwa ili mtoto mmoja aende kidato cha tano linaweza kuwatoa wadogo zake darasani siku mbili kila baada ya miezi mitatu. Mzazi apange mapema kibarua atalipwa na nani, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu, isijifiche kwenye migongo ya watoto.

Bibi na chai yake

Sababu nyingine iliyomvuta baba ni mama yake. Bibi ana kisukari, na chai bila sukari ameizoea kwa manung'uniko. Hapa stevia ina nafasi yake ya haki. Haipandishi sukari kwenye damu kama sukari ya mezani, na majani mawili matatu kwenye birika huleta utamu, ingawa yana uchungu kidogo unaobaki ulimini na si kila mtu huupenda.

Lakini si dawa. Bibi anayekunywa chai ya stevia anaendelea na vidonge vyake na kliniki yake, na daktari aambiwe anachotumia. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Kwa watoto wazima maana yake ni rahisi: kubadilisha sukari kwa stevia kwenye kila kikombe hakumfundishi mtoto kunywa maji. Na mzazi anayenunua kopo la "stevia" dukani asome maandishi ya nyuma. Mengine yamechanganywa na sukari za aina nyingine, na jani lenyewe ni kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei kupanda, wengi waliuliza kama wangeweza kujilimia utamu wao. Kwa birika la nyumbani, ndiyo. Miche kumi hadi kumi na miwili nyuma ya nyumba, penye jua na karibu na maji, inatosha familia. Majani huanikwa kwenye ungo chini ya wavu na kuhifadhiwa kwenye kopo lenye mfuniko. Maji ya bafuni yenye sabuni nyingi hayafai. Ya kuoshea mboga yanafaa.

Kama baada ya hayo yote familia bado inataka biashara, njia ipo, na haianzi kwa muuza miche. Inaanza kwa bwana shamba wa kata, ambaye atajua kama kuna mnunuzi aliyewahi kupita na kama alirudi. Udongo unaweza kupelekwa kupimwa kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, wilayani Muheza. Miche inayotoka nje ya nchi inahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Anayeuza bila karatasi hiyo aachwe. Mnunuzi aandike mkataba wenye bei kwa kilo, kiwango cha ukavu, mahali pa kupokelea mzigo, siku za kulipa na nini kitatokea asipokuja. Mkataba usomwe na wote wawili, baba na mama, na ikiwezekana na mtu wa tatu anayejua kusoma maandishi madogo. Kikundi cha wakulima ishirini wenye kichanja kimoja kizuri kinasikilizwa kuliko mtu mmoja mwenye ekari moja. Na robo ekari ya mwaka wa kwanza, iliyotolewa kwenye michungwa iliyozeeka na siyo kwenye mahindi, itafundisha yote ambayo video haikusema.

Baba wa Kwamsisi alipiga ile namba siku ya tatu, mama akiwa ameketi pembeni, sauti ya simu ikiwa imefunguliwa.

"Ndugu yangu, majani mnanunua ninyi wenyewe?"

"Mzee, soko lipo, usiwe na wasiwasi. Wewe panda kwanza."

"Nani ananunua? Niandikie jina."

"Ukishachukua miche tunakuunganisha."

Baba alishukuru, akakata simu. Fedha za godoro zilitoka kwenye mchezo wa kikundi cha mama na kwenye mbuzi wawili. Kijana aliondoka na basi la alfajiri, ndoo mkononi.

Vuli ilipoanza, ekari zote mbili zilipandwa mahindi. Nyuma ya jiko kuna miche tisa ya stevia. Mitatu ilikufa kwa kiangazi. Bibi huikagua kila asubuhi akivunja ncha zenye maua, na mjukuu mdogo humfuata nyuma akiomba jani.

"Moja tu," bibi humwambia. "Mengine ni ya chai."